Nilivuliwa Mguu Uwanja wa Ndege

Mkaguzi aliushika mguu wangu kwa vidole viwili.

Viwili tu, gumba na cha shahada, kama mtu aliyeokota panya aliyekufa juzi nyuma ya kabati.

Mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki, gauni limepanda, kigutu kinaning'inia na soksi yake imelowa jasho. Foleni nzima inanitazama. Mama mmoja mwenye kitenge cha gharama akajiziba pua na mtandio.

"Unanuka huu," mkaguzi akasema. Wala hakuniambia mimi. Aliuambia mguu.

Wadau, hili lilinikuta mimi mwenyewe, kwa hiyo nisomeni mpaka chini. Ukiishia njiani utaondoka unamchukia mtu mmoja, na kwa kweli walikuwa wengi.

Naitwa Nyamizi. Kwetu Tinde. Miaka sita iliyopita nilitoka mnadani nimepanda bodaboda, tukaingia chini ya lori la pamba. Dereva wa boda alitoka na mikwaruzo. Mimi nilitoka bila mguu wa kushoto, kuanzia chini ya goti.

Hospitali moja ya Shinyanga mjini ikanipa mguu wa bandia. Ndani una bomba la chuma. Nje umevikwa sponji iliyochongwa ifanane na kigimbi, na juu ya sponji kuna soksi ya rangi ya mwili. Mwili wa nani sijui, maana mimi ni mweusi na ile soksi ina rangi ya andazi.

Nilipozoea kutembea nikahamia Bugarama. Nikafungua kibanda cha chakula karibu na maduara, yale mashimo wanakoshuka wachimbaji wadogo. Ugali dagaa, wali maharage, chai ya asubuhi. Wateja nilikuwa nao wa kutosha.

Wanaume ndio sikuwa nao.

Walikuwa wanakula, wanasifia mkono wangu, wananiita mchumba. Nikinyanyuka kwenda kuchukua maji wakaona ninavyotembea, ghafla kila mtu anasoma simu.

Selestine hakusoma simu.

Alikuwa broka, wale wanaonunua dhahabu kwa wachimbaji na kuipeleka kwa wanunuzi wakubwa. Kijana msafi, shati limepigwa pasi hata katika lile vumbi. Siku ya kwanza aliniangalia natembea, akauliza kwa sauti ya chini:

"Kinauma?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Wote huwa wanauliza ilikuwaje.

"Kikilowa jasho," nikamjibu.

"Pole, mayu," akasema, yaani mama kwa Kisukuma chetu.

Nikaisha. Sitadanganya, niliisha palepale, na mwiko mkononi.

Miezi mitano baadaye barua ilikwenda Tinde, na ng'ombe wakafuata. Ng'ombe kumi na wawili, kwa binti wa mguu mmoja! Mama alilia. Baba alishinda siku nzima akipita nyumba kwa nyumba kuwasalimia majirani bila sababu.

Harusi Selestine alisema isubiri kidogo. Dar, alisema, kuna daktari anayetengeneza miguu ya kisasa, kifundo kinajikunja, unavaa hata kiatu cha kisigino.

"Utafunga ndoa umesimama kwenye mguu huo," akaniambia. "Na tutakwenda kwa ndege. Basi litakutesa."

Mimi na ndege! Nilikuwa nazionea angani tu.

Siku mbili kabla ya safari aliuomba mguu wangu aupeleke kwa fundi Kahama ukasafishwe. Alisema mke wake hawezi kupanda ndege na mguu umechakaa. Nikabaki na magongo, nikicheka peke yangu kwa furaha.

Ulirudi na soksi mpya, unanuka gundi. Nilipouvaa ukanivuta chini.

"Mbona mzito hivi?"

"Sponji mpya hiyo, imara. Utazoea tu."

Nikachukulia poa.

Sasa turudi pale kwenye kiti cha plastiki. Kiwanja sikitaji. Ni cha huku huku Kanda ya Ziwa, inatosha.

Nilipita kwenye ule mlango wa ukaguzi, ukalia. Nilijua utalia, bomba ni chuma. Nikamwambia mkaguzi kwa heshima kwamba nina mguu wa bandia. Kibao cha kifuani kilisema Herman. Mrefu, macho mekundu, uso hauna hata chembe ya tabasamu.

"Vua."

"Hapa hapa? Hakuna chumba, kaka yangu?"

"Nyie watu wa machimboni nawajua. Vua upite kwenye mashine."

Nikavua. Mkanda wa gotini ulikataa kufunguka mpaka mara ya tatu. Nyuma yangu mtu akacheka. Simu mbili tatu zikainuliwa juu.

Ndipo akaushika na vile vidole viwili, akatamka lile neno lake.

Niwaambie kitu. Nimeshatapika kwa ajili ya harufu ya kidonda changu mwenyewe. Nimeshawekewa chakula chini kama mbwa, na shangazi yangu wa damu. Lakini siku ile, mbele ya wale watu waliovaa vizuri, nilitamani sakafu ifunguke inimeze, na huo mguu wao wabaki nao.

Selestine akalipuka.

"Mnamdhalilisha mke wangu! Mke wangu mlemavu! Mnamvua nguo mbele za watu kwa sababu ni mlemavu? Rekodini! Rekodini nchi nzima ione!"

Watu wakageuka upande wetu. Hata yule mama wa mtandio akashusha mtandio na kusema, "Jamani, huu ni unyama."

Herman aliendelea na kazi yake. Alikuwa anaupeleka mguu kwenye mkanda wa mashine.

Ukatokea mkono ukamnyang'anya.

Ulikuwa wa mzee mmoja wa makamo, kichwa cheupe, sare imenyooka. Msimamizi wao. Mzee Mayala. Alimtazama Herman kwa namna ya kumwonea aibu, kisha akaja mpaka kwenye kiti changu akapiga goti. Mzee wa kunizaa akapiga goti mbele yangu, akanikabidhi mguu kwa mikono miwili.

"Binti yangu, tusamehe sana. Vaa. Pita zako salama."

"Ahsante baba," nikasema. "Shikamoo." Machozi yalikuwa yanatiririka, hata mpangilio wa salamu sikuukumbuka.

"Marahaba, mwanangu."

Akamgeukia Herman. "Andika maelezo, uyalete ofisini kwangu."

Tukapita. Watu wengine walipiga makofi. Selestine alinishika kiuno, na mimi nikajiona malkia.

Kwenye ndege kigutu kikaanza kuvimba. Wenye miguu ya bandia mnaijua hiyo, ukipaa nyama inajaa, ule mguu unakubana kama koleo. Na uzito wake ulikuwa umeshanichubua tangu kwenye foleni. Nikainama nifungue mkanda.

"Usivue," Selestine akasema.

"Kinaniua."

"Nimesema usivue hapa. Watu watasema unanuka tena."

Alilisema akitabasamu, akiangalia dirishani. Nikauacha mkanda. Tulipotua Dar, soksi ya kigutu ilikuwa na damu.

Pale gesti Selestine aliuchukua tena mguu. Eti daktari aupime kwanza, mimi nipumzike. Alirudi mchana, amebeba na chipsi.

"Daktari kasafiri. Turudi mwezi ujao."

Nikauvaa niende msalani.

Hatua ya kwanza nikasimama.

Mguu ulikuwa mwepesi.

Mguu wa bandia ukiuvaa miaka mitano unaujua kuliko unavyoijua simu yako. Nilitembea kutoka kitandani mpaka mlangoni, nikarudi, nikaenda tena. Selestine alikuwa anakula chipsi, miguu yake yote miwili ameiweka juu ya meza.

"Vipi, mke wangu?"

"Safi tu."

Niliingia msalani, nikafungua bomba la maji ili asisikie, nikatapika.

Tuliporudi huku nilimuaga Selestine kwamba nakwenda kuwaona wazazi, nikashukia Shinyanga mjini, moja kwa moja kwa Sesilia. Sesilia ndiye fundi aliyenitengenezea mguu, dada mpole, ila kwenye kazi yake hana utani. Aliuvua soksi, akaugeuza, uso ukambadilika.

"Nani kaukata huu mguu?"

Akaniita nione. Sponji ya kigimbi ilikuwa imechanwa kwa wembe, ikachimbwa tundu la kuingia ngumi, halafu ikafunikwa na kugundishwa. Sesilia akapitisha kidole ndani ya tundu, akakitoa kwenye mwanga wa dirisha.

Vumbi la njano lilimetameta kwenye ncha ya kidole.

Nimeishi Bugarama. Sikuhitaji kuambiwa.

Sesilia akapiga picha, akaandika karatasi yenye tarehe na mhuri, akanikunjia mkononi. "Itunze. Kesho wasije wakasema umeuchimba mwenyewe."

Unajua kilichoniuma si dhahabu. Huku kwetu dhahabu ya magendo imefichwa kwenye boga, kwenye Biblia, kwenye tumbo la samaki. Kilichonitia kinyaa ni lile swali. "Kinauma?" Kumbe siku ile alikuwa anakagua gari kabla hajalinunua.

Nikamwambia dada yangu Generosa. Tulikuwa tunachambua mchicha nyumbani Tinde. Alisikiliza mpaka mwisho, akatupa bua uani.

"Sasa wewe unataka nini?"

"Nataka nini? Dada, kanifanya gunia!"

"Mume ni mume, Nyamizi. Wangapi wamekuja hapa kabla yake? Nitajie mmoja." Akashusha sauti. "Baba ameshapokea ng'ombe. Nyamaza. Ukizaa atabadilika."

Nilimpenda dada yangu maisha yangu yote. Siku ile nilimwangalia mikono yake ya kijani ya mchicha nikashindwa kula alichopika.

Polisi nilifika mpaka getini, nikarudi. Ningesema nini? Mguu ni wa nani? Wangu. Nani alipita nao? Mimi. Na mzigo wenyewe uko wapi? Hakuna. Nilikuwa na picha ya tundu, basi.

Nikasema moyoni, basi auazime tena.

Mwezi ukaisha. Selestine akaja na tiketi mbili na kicheko chake kilekile, akauomba mguu aupeleke kwa fundi Kahama. Nikampa kwa mikono miwili. Nikampikia na kuku.

Safari hii ulirudi mzito zaidi. Huyu mtu hakuwa na hata haya.

Asubuhi ya safari tulifika kiwanjani. Karatasi ya Sesilia nilikuwa nimeikunja ndani ya sidiria. Nikamtafuta Herman kwenye mashine, hayupo. Alikuwa nje, mlango wa kuingilia, anapanga vitoroli vya mizigo. Wamemshusha. Kwa ajili yangu.

Kwenye mashine alikaa msichana mmoja anayetazama skrini, na pembeni yake Mzee Mayala, mikono nyuma, ananiona kwa mbali na kutabasamu.

"Karibu binti yangu. Pita, pita tu huku pembeni."

Nikakaa kwenye kiti. Nikainua gauni, nikafungua mkanda, nikauvua mguu.

"Aa, hapana, mwanangu, hakuna haja," Mayala akasema.

"Naomba upite kwenye mashine, baba."

"Hakuna haja. Tumeshaelewana."

Tumeshaelewana? Na nani?

Niligeuza shingo. Selestine alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anamtazama Mayala. Na Mayala alikuwa anamtazama Selestine. Ilikuwa sekunde moja tu, ila watu wasiojuana hawatazamani vile.

Jamani! Yule mzee aliyenipigia goti!

Akanyoosha mikono yake miwili kuupokea mguu, mpole vilevile.

Nikaukumbatia kifuani, nikapiga kelele ambayo sikujua ninayo.

"Herman! Kaka Herman! Njoo uushike mguu wangu!"

Herman akaacha vitoroli, akaingia anatembea taratibu, haamini.

Selestine akaanza wimbo wake. "Mnamdhalilisha mke wangu! Mke wangu ni mle—"

"Funga mdomo wako!" nikamkatisha. "Aliyenidhalilisha ni wewe."

Mayala akasema Herman harudi eneo lile bila idhini yake. Herman hata hakumtazama. Alikuja mpaka kwangu, akaupokea mguu, safari hii kwa kiganja kizima, akauweka kwenye mkanda.

Ukaingia.

Msichana wa skrini akausimamisha mkanda. Akasogeza uso karibu na skrini. Kisha akanyanyuka akamwita polisi aliyekuwa mlangoni.

Walichana sponji mbele ya watu wote. Vikatoka vifurushi vidogo vimezungushiwa selotepu nyeusi, kimoja, viwili, vitatu, vinne. Polisi akakichana kimoja. Njano.

Na unajua Selestine alisema nini? Mwanaume aliyepeleka barua kwetu, anayemwita mama yangu mama?

"Mguu si wangu. Ni wa kwake. Muulizeni yeye."

Nikatoa karatasi kifuani. Nikafungua na picha kwenye simu. Nikaviweka vyote viwili mbele ya polisi.

Yaliyobaki niliyasikia kituoni, kidogo kidogo, kwa siku nyingi. Simu zao zilisomwa zote. Siku ile ya kwanza, baada ya ndege yetu kuruka, Mayala alimtumia Selestine ujumbe wa kumpongeza kwa kelele zake. Na malalamiko yaliyomshusha Herman waliyaandika wawili, Mayala akisahihisha Kiswahili.

Lakini lililonimaliza ni ujumbe wa zamani zaidi. Mpelelezi alinisomea kisha akaigeuza simu kifudifudi, kama anaona aibu kwa niaba ya wanaume wote. Ulitumwa wiki moja kabla Selestine hajafika kibandani kwangu mara ya kwanza.

Mayala aliandika: "Mlemavu hakaguliwi watu wakipiga kelele. Tafuta mwenye mguu wa bandia. Ikibidi muoe."

Ikibidi.

Nilirudi nyumbani na magongo, kwa sababu mguu wangu sasa ni kielelezo cha kesi. Una namba. Umefungwa kwenye mfuko wa nailoni kwenye kabati la serikali. Kesi inapigwa tarehe, na kila tarehe mimi napanda ngazi za mahakama kwa magongo kwenda kuutazama mguu wangu ukionyeshwa hakimu. Sesilia ananitengenezea mwingine, bado haujakamilika.

Baba alishinda siku tatu zizini. Siku ya nne akasema ng'ombe hawaendi popote, mwenye nao akitoka jela aje awadai mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya ukoo. Generosa hajaniomba msamaha. Ananiletea tu mchicha.

Herman walimrudisha kwenye mashine. Nilikutana naye mahakamani, amekuja kutoa ushahidi. Akajikohoza.

"Mimi nilijua toka siku ile," akasema, anajisikia kabisa.

Alitegemea nimshukuru.

"Ulijua kuna dhahabu," nikamwambia. "Kwamba kuna mtu hukujua. Ungenipeleka chumbani, ukaniitia mkaguzi wa kike, ukaushika mguu kama unavyoshika begi la mzungu, ungemkamata Selestine siku ile ile na mimi ningekutetea. Ulikuwa sahihi, na ulikuwa mshenzi."

Akatazama viatu vyake.

"Pole," akasema.

"Pole nilishapewa nyingi. Nyingine ilikuja na ng'ombe."

Wakaita jina lake ndani. Akiwa ameshashika mlango, akageuka.

"Nisamehe, dada Nyamizi."

Nimeshamsamehe. Nusu.

Wadau, mtauliza kwenye maoni nimejifunza nini. Nimejifunza kwamba dharau inatoboa, lakini angalau inakuja mbele yako unaiona. Huruma ya kelele ndiyo uiogope. Mtu akikuonea huruma mbele za watu, kwa sauti ya juu, usianze kulia kama mimi. Kwanza tazama mikono yake iko wapi.